Namba Ikivuka

Mwenzangu wa dawati huongea kama chiriku huko nje, lakini kipindi cha hesabu kikianza hufuta jasho la viganja kwenye sketi kabla hata hajaitwa. Leo ameitwa. Mlinganyo anaouandika unakwenda upande ubaoni, ila jibu ni sahihi.

"Eleza," mwalimu anasema taratibu, fimbo iko mezani.

"Namba ikivuka alama ya sawasawa, jumlisha inakuwa toa."

"Kwa nini ibadilike?"

Nainamisha kichwa. Akishindwa yeye, ataitwa wa pembeni yake, na wa pembeni ni mimi.

"Sijui, mwalimu. Labda inaogopa. Hata mimi nikivuka mlango ule nabadilika."

Hakuna anayecheka. Mwalimu anautazama mlango, halafu fimbo, kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine.