Kahawa Bila Bilauri

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akipita getini na bilauri ndani ya sidiria, basi ulikosa uhondo Jumamosi ile asubuhi kwenye tamasha la muziki. Mwenye sidiria alikuwa Mama Bilauri, muuza kahawa, mwanamke wa mwili na sauti. Aliyemkagua alikuwa binti mmoja askari, uso mkavu kama mkate wa juzi.

"Shikamoo mama. Vioo haviruhusiwi."

"Marahaba. Hicho si kioo, ni bilauri."

"Na imetengenezwa kwa nini, mama?"

Mama Bilauri akamgeukia mumewe amsaidie. Mumewe alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha. Alikuwa ameshika birika kila mkono, na ghafla akayaona mawingu yanapendeza kweli.

"Humu watu wanalala kwenye mahema na wanacheza peku kwenye nyasi," askari akasema. "Kipande kimoja cha kioo kikivunjika, mtu anarudi kwao na bendeji. Soda mmezimimina kwenye plastiki, juisi iko kwenye madumu, vikombe vyenu ni vya bati. Hongereni. Sasa hii moja ya nini?"

"Ya kazi."

Kazi gani, hakusema. Bilauri ikatupwa kwenye ndoo pamoja na chupa za manukato za watu, naye akapita amenuna.

Sasa ngoja nikwambie, maana yeye mwenyewe hawezi kukwambia hata umkabe. Mama Bilauri hanywi kahawa. Tone moja tu, moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka. Tangu usichana wake aliuza kahawa kwa jicho. Anamimina kidogo kwenye bilauri, anaiinua juani, anafumba jicho moja. Mwanga ukipenya, anaongeza unga wa kahawa. Mwanga ukigoma kabisa, anasema "Imekolea!" na kuanza kugawa. Madereva na mafundi wa karakana waliona ni mbwembwe za ufundi, wakampa lile jina, kichwa kikamvimba. Ukimuuliza mbona haonji, atakujibu fundi viatu havai kila anachoshona.

Ila hiyo karakana alikouzia ndiyo ilikuwa inamtoka. Mwenye nayo alikuwa ameleta mashine, unabonyeza kitufe inakutemea kahawa, na Mama Bilauri akaambiwa ikifika Jumatatu asionekane na majiko yake pale. Bahati ikamkutanisha na mwandaaji wa tamasha, bwana mmoja aliyeitwa Kipaza kwa kuwa hajui kunong'ona. Kipaza alikuwa na ukumbi wa muziki mjini, na ndani ya ukumbi kulikuwa na kona tupu karibu na mlango. "Mama, njoo tamashani!" alimwambia, jirani wa tatu akasikia. "Jumamosi nitakuja na wanamuziki wangu tuonje. Ikitupendeza, kona ni yako. Isipotupendeza, yupo mwingine anaitaka." Kwa hiyo kona ile ilikuwa ndiyo kona. Nyingine hakuwa nayo.

Wakatandaza meza kati ya mahema, moto ukawaka, kahawa ikachemka. Mama Bilauri akamimina kwenye kikombe cha bati, akafumba jicho moja, akachungulia. Nyeusi. Akaongeza maji, akachungulia tena. Nyeusi vilevile! Ndani ya bati hata maji ya mtaroni ni meusi. Jasho likamtoka. Akaona bora izidi kuliko ipungue, akatia unga, akatia tena, na tena ili roho yake itulie.

Mteja wa kwanza alikuwa mpiga gitaa, taulo shingoni, macho bado yana usingizi. Akapiga funda moja. Macho yakamtoka.

"Mama, hii ni ya kunywa au ya kuzibia paa?"

"Kunywa, wewe! Kahawa ya wanaume hiyo!"

Akaomba sukari. Akaomba sukari nyingine. Halafu akaomba juisi. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni nao wakaomba juisi, bila kuulizwa. Na kutoka upande wa jukwaa sauti ya Kipaza ikaanza kusikika, anawaamsha wanamuziki wake hema kwa hema.

Mama Bilauri akasukuma kikombe kwa mumewe. "Onja."

Breki akaonja. "Iko kama siku zote."

"Basi ni nzuri. Hawa watoto hawajui kahawa."

Breki akayarudia mawingu yake.

"Baba, nakuuliza. Ni nzuri?"

"Ni mbaya, mke wangu."

"Mbaya tangu lini?"

"Tangu nikufahamu."

Hapo alimnyang'anya kile kikombe, akanywa. Alinywa kwa hasira, funda kubwa, na uso wake ukafanya mambo ambayo uso haupaswi kufanya mbele za watu. Akatema kwenye nyasi. "Mungu wangu! Hii ndiyo unakunywa kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na hukusema?"

Breki akaweka birika chini taratibu, kama kawaida yake. "Siku ya kwanza nilipokuja kwenye meza yako ulinipa kahawa safi kabisa. Nyepesi, inanukia. Nikakwambia haijakolea."

"Nakumbuka. Nikaongeza unga."

"Nikasema bado."

"Nikaongeza tena. Nikasema huyu dereva msumbufu kweli."

"Lori lilikuwa limeshapakiwa, utingo ananipigia honi. Ningemaliza kikombe ningekuwa sina sababu ya kusimama pale. Na nilitaka kusimama." Akajikuna kidevu. "Baadaye ukainyanyua ile bilauri, nyeusi tii, ukacheka, ukasema sasa umeijua kahawa ya madereva. Mimi ni nani nikuharibie? Nikawaambia wenzangu inafukuza usingizi. Na kweli inafukuza."

Mama Bilauri akavuta kitambaa cha vyombo. Akampiga nacho, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili si kwa hasira sana. Maisha yake yote ya kazi ameikoleza kahawa kwa kipimo cha mwanamume aliyekuwa anaona haya! Alitaka kulia, alitaka kucheka, na Kipaza alikuwa anakaribia.

"Mwaga hii," akasema. "Tunapika ile ya siku ya kwanza. Na wewe leo utaonja, na utasema kweli hata kama utakufa."

Wakapika. Breki akaonja, akasema chungu. Maji yakaongezwa. Akaonja, akasema chungu kidogo. Akaonja tena, safari hii akafumba macho, na mkewe akajua bila kuambiwa.

Kipaza akafika na kundi lake akiongea, akapokea kikombe akiongea, akanywa. Akanyamaza. Wanamuziki wakatazamana, wengine hawakuwahi kuliona hilo. Alipomaliza akanyoosha kikombe kiongezwe, ndipo akapayuka, "Mama! Jumatatu lete vitu vyako ukumbini! Kona yako hiyo!" Mpiga gitaa akasogea nyuma yake, kikombe mkononi, anajifanya hakusema chochote kuhusu mapaa.

Jua lilipopanda, watu wakaenda jukwaani. Mama Bilauri akammiminia mumewe kikombe, na badala ya kuchungulia ndani akamtazama usoni anavyokunywa.

"Vipi?"

Breki akapangusa masharubu. "Bado haijakolea."

Mkono ulishafika kwenye kopo la unga ndipo akashtuka. Akageuka. Yule mzee alikuwa ameinamia kikombe chake, meno yote nje.

"Mzee hovyo wewe," Mama Bilauri akasema, akamvutia kiti.