Chupa Mbili Mezani

Nilikuwa kwenye mafunzo ya ualimu wa kemia, shule moja ya Makorora, siku mkufunzi wangu alipokuja kunipima. Kwa uzembe nilikuwa nimetia besi kali, kemikali inayounguza, kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila kuiandika. Aliponisalimia aliweka chupa yake ya maji mezani, kando ya ile yangu, kisha akabeba chupa moja akaketi nyuma ya wanafunzi.

Nikachovya kwenye chupa iliyokuwa mbele yangu karatasi nyekundu ya litmasi, ambayo besi huigeuza buluu. Haikugeuka. Nikailaumu karatasi. Kuinua macho, namwona mkufunzi amefungua kifuniko.

“Mwalimu, usinywe, hiyo ni besi.”

“Najua, binti yangu. Imenigusa kidole, inateleza kama sabuni.”

Nikashusha pumzi hadi nikaketi.

“Sasa simama,” akasema, “uwaeleze wanafunzi kwa nini maji yangu hayabadilishi litmasi.”