Mchoraji aliyekataa kumpunguzia Mfalme miaka

Saa moja asubuhi, mteja wa kwanza ameshakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mgongo umemnyooka kama mtu anayepimwa suti. Mbele yake, mwanamke mfupi mwenye aproni iliyojaa madoa ya rangi anamtazama, kisha anasogea kidogo kushoto.

"Inua kidevu kidogo, baba. Hapo hapo. Sasa acha kutabasamu, meno tutayafikia baadaye."

Mteja, fundi cherehani ambaye watoto wake wamemlipia picha hii kama zawadi ya kustaafu, anashindwa kujizuia na kucheka. Mabega yanamshuka. Hicho ndicho mwanamke alichokuwa akikisubiri. Anachovya brashi na kuanza.

Mtaani wanamwita Mama Sura. Kazi hii aliianza akiwa binti, akichora vichwa vya vijana waliokata nywele kwenye kuta za vinyozi. Baadaye akahamia kwenye picha za marehemu. Familia humletea picha ya kitambulisho iliyokunjamana na kumwomba awarudishie mtu wao.

"Vinyozi walinifundisha nywele," anasema. "Wafiwa wakanifundisha macho. Ukikosea jicho la marehemu, mjane hakugombezi. Anaiangalia picha, halafu anakuuliza huyu ni nani."

Kwa miaka mingi kazi yake ilijulikana mitaa michache tu. Kisha baraza la mji likamaliza kujenga ukumbi mpya, na madiwani wakataka picha mpya ya Mfalme. Iliyokuwepo ilichorwa siku alipotawazwa, akiwa kijana mwenye shingo kama mnara. Sasa amepita miaka themanini. Diwani mmoja, ambaye picha ya marehemu baba yake ilichorwa na Mama Sura, alilitaja jina lake kikaoni na wenzake wakaafiki.

Hivyo ndivyo alivyojikuta kwenye sebule ya kasri, kabeba boksi lake la rangi, akisomewa masharti na afisa wa itifaki.

"Usimsemeshe mpaka akusemeshe. Usimwelekeze. Usimkazie macho," anakumbuka. "Nikamuuliza, sasa baba, nisipomkazia macho nitachora nini? Akaniambia hilo ni lako, mama."

Mfalme aliingia, akaketi jinsi anavyokaa kwenye sarafu: uso mbele, kifua nje, macho yasiyomtazama mtu. Mama Sura alichora penseli, akafuta, akachora tena. Kila alichokitoa kilikuwa sarafu.

Ndipo ulimi ukamteleza. "Inua kidevu kidogo, baba."

Afisa alifumba macho kama mtu anayesubiri kishindo. Mfalme akamtazama mchoraji, kisha akainua kidevu.

"Umezoea kuamrisha watu?" aliuliza.

"Wateja wangu wengi ni marehemu, Mtukufu. Hao hawabishi."

Mfalme alicheka mpaka akakohoa, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyeuliza maswali. Alitaka kujua unawezaje kuchora uso wa mtu ambaye hukuwahi kumwona. Sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo kila Mama Sura alipojibu, alimwinamia kidogo. Mkono wake wa kushoto hutetemeka. Aliushika kwa wa kulia bila kujua, na kope zikalegea kama za mtu anayesikiliza kwa dhati. Akasahau kukaa kifalme.

"Nikasema moyoni, huyu hapa," anaeleza. "Nikachora haraka haraka kabla hajajikumbuka."

Picha aliimalizia nyumbani. Wa kwanza kuiona alikuwa mumewe, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mtu asiyemung'unya maneno.

"Ni yeye," alisema. "Lakini hawataipenda. Mtu akiagiza picha anaagiza uso anaoutaka, hataki ule unaouona wewe."

"Basi anunue kioo cha uongo."

"Mimi nakwambia tu, Mama Sura."

Mume hakukosea. Picha ilipofunuliwa mbele ya madiwani, ukumbi ulipoa. "Huyu ni babu anayesubiri kuitwa na daktari," mmoja alinong'ona kwa sauti iliyowafikia wote. Mwenyekiti wa baraza alimwita pembeni, akamwomba kwa upole: shingo ainyooshe, nywele azirudishie weusi, na ule mkono autulize.

Alikataa. Alieleza kuwa akiunyoosha ule mkao atakuwa amemchora mtu mwingine, na huyo mtu mwingine tayari alikuwa ukutani tangu siku ya kutawazwa.

Habari ilienea. Kinyozi wa mtaani alisema ni aibu, mfalme hachorwi na uchovu wake. Muuguzi mmoja, ambaye Mfalme aliwahi kutembelea wodi yake, alisema hivyo hivyo ndivyo alivyomwinamia mgonjwa. Wengine walimwita msaliti bila hata kuiona picha.

Aliyemuuma zaidi hakuwa adui. Mwalimu wake wa zamani, mzee aliyemfundisha kuchanganya rangi bila kumdai chochote, alikuja hadi nyumbani na kukaa kwenye kile kiti cha dirishani wanachokalia wateja.

"Binti yangu, umechora vizuri kuliko nilivyoweza mimi," alimwambia. "Lakini umechora mtu. Ukumbini hawakuomba mtu. Picha ile ni ya kiti, si ya aliyekikalia. Mwananchi akiingia pale na shida yake, anataka kuona kitu kisichochoka."

"Na akijua kinachoka, Mwalimu?"

"Anajua. Ndiyo maana anaomba asionyeshwe."

Mama Sura anasimulia kilichofuata. "Usiku ule sikulala. Wale wengine walitaka nimvike Mfalme kilemba cha ukoka, na hilo ni rahisi kulikataa. Lakini Mwalimu alikuwa na hoja. Mpaka leo inanisumbua."

Hata hivyo hakuigusa picha. Baraza likaitia stoo ya ukumbi, nyuma ya viti vya plastiki, uso ukiangalia ukuta. Kazi ikapungua. Familia zilizokuwa zikimtafuta zilianza kuogopa kuonekana mlangoni kwake. Binti yake, karani wa benki, alimsihi alegeze.

"Mama, ni mkono tu. Utulize huo mkono, mambo yaishe."

"Leo mkono. Kesho nitaambiwa shingo. Nikimaliza kuwatii, jina langu pale chini litakuwa la nani?"

Alipiga moyo konde, akarudi kwa vinyozi. Akiwa na umri wa bibi, alipanda ngazi na kuchora vichwa vya vijana ukutani, kama alivyoanza.

Maneno yalipofika kasrini, Malkia ndiye aliyeagiza picha ipelekwe huko. Afisa wa itifaki alikuwapo, na ndiye aliyekuja kumsimulia Mama Sura yaliyotokea.

Mfalme aliisogelea, akaitazama. "Amenizeesha," alisema.

"Hajakuzeesha," Malkia alimjibu. "Amekukuta hivyo."

"Siipendi."

Afisa akauliza kama irudishwe kwa mchoraji ikarekebishwe. Mfalme akamzuia.

"Sikusema kwamba si mimi. Nimesema siipendi. Msiiguse, itundikwe ilivyo."

Baraza lilitii nusu. Ukumbi mkubwa umebaki na yule kijana mwenye shingo ndefu. Picha ya Mama Sura imetundikwa kwenye korido ya ukumbi, mahali watu wanapopanga foleni ya vyeti vya kuzaliwa. Mwandishi wa makala hii alimkuta pale mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akiitazama. Alipoulizwa anaonaje, alisema Mfalme anaonekana kama mtu anayeweza kuelezwa jambo. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alitikisa kichwa na kusema bora wangeweka ile ya zamani.

Mama Sura haombi wakubaliane. Wateja wameanza kurudi, na sasa ana kazi nyingine: Malkia anataka kuchorwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemchagua mchoraji. Kikao cha kwanza ni wiki ijayo.

Tayari ametengeneza fremu kubwa kuliko zote alizowahi kuzitumia. Anataka Malkia asimame, mavazi rasmi yote mwilini, ili mwananchi mwenye shida yake akute kile Mwalimu alichokisema. Na uso anataka uwe wake kweli, kwa umri wake wote.

"Kiti kiwepo na mtu awepo," anasema, akifuta brashi. "Sijui kama inawezekana. Mwalimu anasema haiwezekani, lakini ameniomba nimwite nikimaliza."

Amemwomba afisa wa itifaki jambo moja tu, asubiri nje. Wamekubaliana atakaa mlangoni, mlango ukiwa wazi.

"Wakibishana tena, wabishane," anasema Mama Sura. "Mimi nitakuwa nimeshamwona."