Pua ya Mzee Parvan

Pua ya Parvan Kolarov iliheshimiwa kuliko Parvan mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mbishi, mwenye majivuno, na suruali yake ilishikiliwa na kamba ya kufungia majani makavu. Lakini pua yake sisi watu wa Gorni Slivnik tuliitaja kwa wageni kama vijiji vingine vinavyotaja kanisa lao. Kila vuli, plamu, yale matunda yetu ya zambarau, zilipokwisha kuchacha mapipani, tulizipeleka kwenye mtambo wa kijiji kule mtoni, kila nyumba kwa zamu yake, na bwana wa mtambo alikuwa yeye.

Uji wa plamu humiminwa kwenye chungu kikubwa cha shaba, kifuniko huzibwa pembeni kwa unga uliokandwa, moto huwashwa chini. Mvuke hupanda, hupita kwenye bomba lililojikunja ndani ya pipa la maji baridi, na upande wa pili hutoka rakia, pombe yetu kali, tone kwa tone. Shida ni kwamba vilivyochanganyika mle chunguni havichemki kwa pamoja.

"Ni kama wageni wa harusi," Parvan alikuwa akitueleza, ingawa tulikuwa tunajua. "Wanaotangulia ni wale wenye kelele, hawawezi kuvumilia joto hata kidogo. Hao ndio kichwa. Ukiwakaribisha, kesho yake fuvu lako linapasuka. Kisha wanafika watu wa maana. Huo ndio moyo, usimwache hata mmoja nje. Mwisho kabisa wanakuja walionyeshewa njiani, wazito, wananuka kama mbwa aliyeloa. Huo mkia. Wafungie mlango."

Na wote watatu, ukiwatia kwenye glasi, ni weupe kama maji ya chemchemi. Jicho halisaidii. Ndiyo maana Parvan aliinamia mdomo wa bomba, akafumba macho, akavuta pumzi, na sisi sote tukanyamaza kama tuko kwenye misa.

Sasa, majira fulani ya baridi Parvan alishikwa na mafua makali. Alilala, akakohoa, akapona. Kisha siku moja mkewe, Rusana, alishuka stoo ya chini kutafuta kabichi ya siki, akarudi mbio ameziba uso kwa aproni. Pipa zima lilikuwa limeoza. Pembeni ya pipa alikuwa amekaa Parvan na sahani yake, anakula kwa raha.

"Baba Nevena! Unakula nini?"

"Kabichi. Mwaka huu imetoka vizuri."

Rusana akaenda, akaleta kitunguu saumu, akakiponda, akamwekea puani. Hakusikia kitu. Akaleta soksi za Parvan mwenyewe. Hakusikia kitu. Hapo Parvan akaanza kulia, na Rusana, ambaye hakuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika mama yake, akakaa naye pale pale kwenye ule uvundo akamshika mkono.

"Wakijua, nimekwisha," alisema Parvan. "Mimi nina nini kingine?"

Rusana alizaliwa upande wa bonde la waridi, na mama yake alikuwa akikeneka mafuta ya waridi, yaani kuyatoa kwa mvuke kwenye mtambo kama huu. Pua alikuwa nayo, tena kali, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza. Wakapatana hivi: vuli ikifika, Rusana atakaa mlangoni pa mtambo akivunja jozi, zile kokwa ngumu ambazo ndani zina umbo la ubongo. Harufu ya kichwa ikiisha, atagonga nyundo mara moja kwa nguvu. Mkia ukianza kunuka, atagonga mara mbili. Parvan atanusa kwa mbwembwe zake zote, na kusubiri nyundo.

Mambo yakaenda, vuli baada ya vuli. Tena rakia ikawa safi kuliko zamani. Jirani yao Trendafil, ambaye huwa hasifii kitu ila mbuzi wake, alisema hadharani kwamba pua ya Parvan inazidi kukomaa uzeeni, kama jibini. Parvan akavimba. Na mtu akishavimba, haishi kutafuta mwiba wa kumpasua.

Alivimbia dukani. Walikuwa wanaume wachache wanangoja mkate, na Trendafil akauliza, kwa utani tu, kama mwanamke anaweza kuwa bwana wa mtambo.

"Mwanamke?" Parvan akacheka. "Pua ya mwanamke Mungu aliiumba kwa ajili ya supu. Ukimpa mtambo, atatia chumvi!"

Wote wakacheka, ila mmoja. Rusana alikuwa nyuma ya magunia ya sukari, anachagua hamira. Alilipa, akapita katikati yao, akawaambia, "Mchana mwema, waungwana," akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Baba Evlogi, kasisi wetu; kwetu Waorthodoksi makasisi huoa. Alikuwa anamwoza binti yake, na rakia hiyo ndiyo ingenywewa na ukoo mzima wa bwana harusi, watu wa mjini wanaojifanya mabingwa wa kuonja. Sisi majirani tulikuwepo, soseji zilikuwa juu ya makaa, saladi imekatwa. Rusana alifika, akakaa mlangoni kama kawaida. Akafungua kikapu. Ndani hamkuwa na jozi. Akatoa sindano na uzi, akaanza kufuma soksi.

Bomba likaanza kudondosha. Parvan akainama, akafumba macho, akanusa. Akangoja. Akanusa tena.

"Mama Nevena," akasema bila kugeuka, "jozi zimekwisha nyumbani?"

"Zipo tele."

"Mbona leo huvunji?"

"Mkono unauma."

"Si utumie wa kushoto?"

"Wa kushoto umesikia habari za dukani. Umenuna."

Trendafil akaacha kutafuna. "Kwani tangu lini rakia inasubiri jozi?"

"Wewe kula soseji yako!" Parvan akafoka. Jasho lilikuwa linamtoka, na si la moto. Matone yalikuwa yanazidi kuwa mstari, na Baba Evlogi alikuwa anatazama kindoo kinavyojaa, kama anatazama mahari ya binti yake ikimwagwa.

"Mzee Parvan, bado ni kichwa?"

"Bado kidogo, Baba. Hiki cha leo ni kichwa kirefu."

"Kirefu kama cha punda," akasema Rusana, akahesabu vitanzi vyake.

Ndipo Parvan alipokumbuka ujanja wa wazee, wa kuiwasha rakia na kutambua kwa rangi ya mwali wa moto kama ni kichwa au moyo. Akakinga kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Mwali wa kileo, mchana wa jua, ni kama haupo. Parvan hakuuona vizuri, akainama. Akainama zaidi. Tukasikia mchakacho mdogo, kama wa nyasi kavu, na harufu ya nywele zilizoungua ikatanda hadi soseji zikaonekana hazifai. Kila mtu akashika pua.

Isipokuwa Parvan. Yeye alikuwa bado anasoma kijiko chake, upande mmoja wa sharubu ukitoa moshi.

"Parvan!" Trendafil akapiga kelele. "Unaungua!"

"Wapi?" akauliza Parvan, akitazama suruali.

Rusana alitupa sindano, akachota maji kwenye pipa la bomba, akammwagia usoni. Kisha, kabla mtu hajasema neno, akamsogeza kwa nyonga, akakinga kiganja chini ya bomba, akasugua mikono, akanusa.

"Kichwa kimekwisha zamani! Ondoeni hicho kindoo, leteni safi. Baba, usishangae, leta!"

Baba Evlogi akaleta. Alipokwisha kukiweka sawa, akamgeukia Parvan aliyekuwa anachuruzika maji, sharubu zimebaki nusu.

"Mwanangu," akasema, ingawa Parvan ndiye mkubwa kwa umri, "sema kweli mbele ya Mungu na mbele ya plamu zangu. Unanusa?"

Parvan akamtazama mkewe. Rusana hakumsaidia, ila hakumcheka pia.

"Sinusi," akasema. "Hata kidogo. Tangu yale mafua. Aliyekuwa ananusa ni yeye."

Zikalipuka kelele. Trendafil ndiye aliyewaka kuliko wote. "Kwa hiyo sisi tumekuwa tunadanganywa! Tumekunywa rakia ya mtu asiye na pua!"

"Umekunywa rakia yangu, kaka," akasema Rusana bila kuacha bomba. "Na pua uliyosema imekomaa kama jibini ndiyo hii."

Trendafil akachukua soseji iliyoungua akaila hivyo hivyo.

Binti wa kasisi aliolewa, na wale watu wa mjini waliimba barabarani hadi mbwa wote wa kijiji wakajiunga nao. Tangu hapo mtambo ni wa Rusana. Ni mkali. Ukimwambia mkia bado mtamu, anakutilia kwenye chupa yako peke yako, ukanywe nyumbani ujifunze. Parvan alipewa moto. Wiki za mwanzo aliona haya, alikuja amejifunga kitambaa usoni. Baadaye tukagundua kwamba hakuna awezaye kuushika moto taratibu kama yeye, na moto ukikimbia, kichwa, moyo na mkia hutoka vyote kwa pamoja, pua yoyote isifae kitu.

Vuli iliyopita Rusana alinihadithia jambo. Alikuwa nyuma ya nyumba, amebandika pilipili hoho za kuchoma jikoni, akazisahau. Kutoka stoo ya chini, mlango umefungwa, Parvan akaita, "Mama Nevena, pilipili zinaungua!"

Akakimbia kuziepua. Kisha akasimama.

"Umejuaje?"

"Nimeona moshi."

Stoo ile haina dirisha.

"Sasa mbona humrudishi kwenye bomba?" nikamuuliza.

"Hajaomba," akasema Rusana. "Na mimi sijaona."

Juzi nilipeleka plamu zangu. Parvan alikuwa amechuchumaa kwenye kuni, anabishana na Trendafil habari za mbuzi. Moyo ulipoanza kutoka akanyamaza katikati ya neno. Akageuza uso kidogo upande wa bomba, akafumba macho, akakaa hivyo. Halafu akachukua gogo moja, akalisukuma motoni polepole.