Mashine Haitoi Moshi

Oliva alikuwa ameshafunga begi. Tangu mumewe Dismasi afariki, yeye ndiye aliyekisagia kijiji kizima mahindi na mihogo, maana hakuna mwingine aliyeijua ile injini ya dizeli. Sasa anahamia Masasi kwa binti yake, Upendo, na hataki kusikia la mtu.

"Mama Upendo, mashine haiwaki!" Wanawake walijaa mlangoni na ndoo zao.

"Kwani mimi nimeolewa na mashine?" alifoka. Lakini begi alilitua.

Mama mkwe wake, bibi aliyeishi naye nyumba moja, akamletea spana kabla hajaiomba.

Oliva akazungusha hendeli. Moshi haukutoka hata kidogo. Basi dizeli haifiki ndani. Akafungua nozeli inayopulizia dizeli ndani ya injini, akaielekeza nje, akazungusha tena. Ilitakiwa ipulize kama ukungu, lakini ikadondosha tone tu. Akaisafisha. Tone lilelile. Kule barabarani basi la Masasi likapiga honi, likapita.

Akalifuata bomba la dizeli kwa kidole mpaka kwenye pampu. Nati imelegea, imelowa. Nati aliyoikaza jana kwa mkono wake!

Akaikaza, akarudisha nozeli. Injini ikanguruma, vigelegele vikapigwa.

Mama mkwe akamfuta jasho shavuni. "Pole, mwanangu. Utasafiri kesho."

Kiganja cha bibi kilinuka dizeli.

Oliva alimtazama, akaitazama na ile nati. Bibi alikuwa ameishika kanga ya Oliva, haiachii.

"Kesho, mama," alisema Oliva, akaingia ndani kufungua begi.