Mvua Niliyomwombea Jirani

Kwa miaka mingi nilimwonea wivu mwanamke mmoja, na ubaya wake ni kwamba alikuwa rafiki yangu. Sote wawili tuliishi Mulongwe, kando ya mto, sote tulianika ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye mchanga wa ziwa, sehemu yake ikipakana na yangu. Mto ulipofurika ulibeba nyumba yake nzima. Kwangu ulichukua jiko tu. Mimi nilishinda nikilia. Yeye alisimama matopeni akaimba kwamba mito yote ina mwenyewe. Nilitamani kumziba mdomo.

Ndagala wanataka jua kali la siku nzima. Wakilowa wananuka, na hakuna mteja atakayewageukia. Kwa hiyo kila wingu lilipochungulia juu ya milima nilikimbia kukusanya ndagala wangu na kuwafunika kwa turubai. Yeye alitazama juu, akasema, "Mwenyewe anajua," kisha akaendelea kugeuza wake. Na wingu likapita! Jioni wake walikuwa wamekauka, wanang'aa. Wangu wamevunda chini ya turubai. Nikajiambia Mungu ana watu wake, na mimi simo.

Asubuhi moja nilifanya jambo linalonichoma mpaka leo. Nilipiga magoti nyumbani nikaomba mvua inyeshe, mara moja tu, juu ya ndagala wake. Kisha nikaenda ziwani nikaanika wangu pia, nisije nikashukiwa.

Saa saba mchana mvua ikashuka bila hata kunguruma. Sikuweza kusogea. Niliiogopa sala yangu mwenyewe. Aliyekimbia ni yeye: alikusanya ndagala wangu kwanza, akawafunika vizuri, na alipogeuka, wake walikuwa wamezolewa na maji.

"Tazama," alisema, akinionyesha ndagala wake wakielea kuingia ziwani, "wako narudi kwao."

Hapo nikaangua kilio.

"Dada, hii mvua ni minye niliiomba. Niliomba ikuharibie."

Alinitazama, maji yakimtiririka usoni. Nilingoja anitukane, na kwa kweli nilitaka anitukane. Badala yake alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga uliolowa.

"Weye? Kama ni weye unaagizaka mvua, uko nafanya nini hapa na minye, kuanika ndagala?"

Nikacheka nami. Mvua haikuwa yangu. Hata siku moja haikuwahi kuwa yangu, wala mawingu yote yale niliyoyakimbia, na nilifurahi kwa hilo kuliko nilivyowahi kufurahia jua. Tulifunua turubai tukagawana ndagala waliobaki, nusu kwa nusu.

Njiani kurudi Mulongwe alianza tena ule wimbo wake wa mito. Nilimwitikia kwa sauti yote, huku nikimwonea wivu kwamba aliujua miaka yote hiyo kabla yangu.