Taa ya Kwanza ya Nyumba Yetu

Nakumbuka vizuri mchana ule baba alipofika nyumbani na paneli ya jua begani, ameifunga kwa blanketi kama anayebeba mgonjwa. Tulikaa mtaa wa Majengo, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Nilikuwa nimemaliza shule juzijuzi, na mimi ndiye niliyepanda juu ya mabati kuifunga. Mwanangu, umeniuliza kama uweke paneli kwenye nyumba yako. Nitakujibu, ila niache nipitie kwetu kwanza.

Paneli ile ilikuwa ndogo. Fundi alituambia waziwazi kwamba betri yake ingewasha taa moja tu. Baba hakufikiri sana: taa ikawekwa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa alichofuma mama. Majirani wakaja kuitazama. Papa Désiré wa ng'ambo ya barabara akatutania, "Sasa muko watu wakubwa. Kesho mutaanza kutuuzia jua." Baba alicheka mpaka akakohoa. Ni miaka mingi sijasikia kicheko kama kile.

Mama alikuwa mshonaji. Asubuhi aliuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Kituku, kando ya ziwa. Jioni alikaa kwenye kibanda cha nyuma, karibu na jiko, akikanyaga cherehani kwa taa ya mafuta. Watoto wengi wa mtaa wetu walivaa shuleni nguo alizozishona yeye. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alimwita dada yangu amtungie uzi kwenye sindano, na mara nyingine alitoka kibandani kidole kimefungwa kitambaa. Niliyaona yote hayo, wala sikuyahusisha na taa yetu mpya.

Jioni moja akaja Muzee Gaspari, kaka mkubwa wa baba, kutoka Kalengera. Tulimketisha pale penye mwanga. Baba akamsimulia habari za paneli tangu dukani hadi juu ya paa. Muzee alisikiliza, kisha akageuza kichwa.

"Nani anashona kule nyuma?"

"Ni mama ya batoto," baba akajibu.

"Anaona?"

"Amezoea, muzee."

Muzee akasimama, akabeba kiti chake mwenyewe, akatoka. Tulimfuata, tukamkuta ameketi kando ya cherehani, kofia yake magotini.

"Nitaongelea huku," alisema. "Kule munawashia viti taa, na mutu mwenye kazi munamuacha mu giza."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye nguo. "Tuachie tu, shemeji. Viti navyo vinasoma."

Muzee peke yake ndiye aliyecheka.

Asubuhi nilirefusha waya hadi kibandani. Tangu hapo wageni wetu waliifuata taa huko nyuma, na sisi tukawa tunakula huko, katikati ya vipande vya vitambaa, tukisikiliza cherehani. Ile sebule sikumbuki tena ilivyokuwa. Kibanda nakikumbuka chote. Hata leo nikipita penye mshonaji, namwona mama chini ya ile taa, ananyoosha uzi, anautunga mwenyewe.

Basi, mwanangu, paneli weka. Jua tunalo, na umeme wa mji unakuja unapotaka wenyewe. Lakini kabla ya kwenda dukani, zunguka nyumba yako jioni, polepole, uone ni nani anayefanya kazi gizani na anahitaji nini. Hapo ndipo utajua ununue betri ya ukubwa gani. Kisha panda ukague mabati, maana moshi wa volkano unayala, na bati lililooza halibebi kitu. Ukishaiweka, usiache vumbi la mlima lilale juu yake, panda uifute.

Mungu akulindie nyumba hiyo na paa lake, na kila anayefanya kazi ndani yake aione mikono yake.